Matembezi kwa ajili ya Gaza hapa Tanga: ghasia huanzia wapi, na tuzizuie vipi?

Mkazi wa Ngamiani:

Assalaam alaykum, na salamu za heri kwa ndugu zangu wasio wa dini yangu.

Alhamisi baada ya Isha walinijia vijana sita wa mtaani kwetu, wakiwa na karatasi ya daftari ambayo juu yake walikuwa wameichora njia ya matembezi: kutoka msikitini baada ya sala ya Ijumaa, kupita kwenye kijiwe cha bajaji, kisha moja kwa moja hadi viwanja vya Tangamano, na mabango ya kuwalilia watu wa Gaza. Kwa kuwa wengi wao nimewasomesha chuoni wangali wadogo, walitaka jina langu liwe la kwanza katika barua. Nia yao siitilii shaka, na machungu yao ni yangu pia, kwani picha za watoto wanaotolewa chini ya vifusi zimeninyima usingizi siku nyingi.

Kilichonifanya niirudishe kalamu mfukoni ni simu ya mmoja wao. Alinionyesha video iliyopigwa usiku katika mji wa Ulaya, vijana wa pikipiki ndogo wakimfukuza mtu, mtu akaanguka, akapigwa mateke akiwa chini, na wenzake waliokaa mkekani wakasema, "Hivyo ndivyo." Pale kijiweni ambapo wanataka kupita kuna bajaji yenye bendera ya Israeli iliyobandikwa kwenye kioo cha nyuma, kwa sababu dereva wake ni Mlokole na kanisani kwao huiombea nchi hiyo. Bajaji inayoegeshwa pembeni yake ina bendera ya Palestina. Madereva hao wawili hugawana kahawa kila asubuhi, nami nimewaona kwa macho yangu.

Basi naomba mnisaidie kuelewa: ghasia katika maandamano haya ya nchi za nje huanzia wapi hasa, na tufanye nini mapema ili zisitufikie?

Mstaafu wa Raskazone:

Wa alaykumu s-salaam, Maalim. Nitaanza na sheria, kwa kuwa ndilo jambo jepesi kuliko yote uliyoyauliza. Kifungu cha 43 cha Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322, kinamtaka mwenye kuandaa mkutano au maandamano ya hadhara atoe taarifa ya maandishi kwa ofisa wa polisi anayesimamia eneo hilo si chini ya saa 48 kabla, akieleza mahali, wakati na madhumuni. Ni taarifa, si ombi, ingawa sheria hiyo hiyo inampa ofisa huyo uwezo wa kuyazuia akiona kwamba amani itavunjika. Msikose pia kukisoma kifungu cha 74 cha Kanuni ya Adhabu, kinachosema kwamba watu watatu tu wakikusanyika na kujiendesha kwa namna ya kuwatia majirani hofu ya uvunjaji wa amani, tayari hilo ni kusanyiko lisilo halali. Kwa hiyo vijana wako sita wakisimama mbele ya ile bajaji na kupiga kelele, kosa laweza kuwa limekwisha kutimia hata kama hakuna aliyeinua mkono.

Suala lenyewe si geni kwetu. Mwaka 1973 nchi yetu ilivunja uhusiano wa kibalozi na Israeli, mwaka 1988 ikaitambua Palestina, na mwaka 1995 ikaurejesha uhusiano na Israeli. Nimeyaishi yote hayo nikiwa hapa Tanga, nikasikia watu wakibishana barazani mpaka kahawa ikapoa, na mtaani kwetu sikumbuki jirani aliyemvunjia jirani yake dirisha kwa ajili hiyo.

Mwana wa Pongwe:

Shikamoo Maalim. Niliishi London miaka kadhaa, na Jumamosi ya tarehe 11 Novemba 2023 nilikuwa miongoni mwa wasimamizi wa maandamano, wale wanaovaa vizibao vya kung'aa kama vya waendesha bodaboda. Polisi walikadiria kuwa tulikuwa watu 300,000. Siku hiyo Waingereza huwakumbuka askari wao waliokufa vitani, kwa hiyo waandaaji walipanga tuondoke Hyde Park mchana, baada ya zile dakika mbili za kunyamaza, na tuelekee ubalozi wa Marekani bila kuukaribia mnara wa kumbukumbu. Ghasia kubwa za siku ile zilifanywa na waliokuja kutupinga, ambao walisukumana na polisi karibu na mnara huo asubuhi. Watu zaidi ya 120 walikamatwa, na wengi wao walikuwa wa upande huo. Hata hivyo nitakuwa mwongo nikisema upande wetu ulikuwa safi, kwa sababu jioni kundi la watu wapatao 150, baadhi yao wakiwa wameficha nyuso, lilirusha fataki zilizowapata polisi usoni, nalo kundi hilo likazingirwa.

Umeuliza zinaanzia wapi. Kwa niliyoyaona, huanzia pembeni, katika nafasi ya hatua mbili tatu ambapo watu wa bendera moja wanakutana na watu wa bendera nyingine na hakuna aliyesimama katikati. Katikati ya msafara kulikuwa na akina mama wenye vigari vya watoto, na watu walikuwa wakigawana maji. Lakini kwenye kona moja alisimama mzee mmoja peke yake na bendera ya Israeli, kimya kabisa, na kijana wa kwetu akachomoka kwenye mstari akamwendea huku mkono wake ukiielekea ile bendera. Tulikuwa tumefundishwa kwamba msimamizi hamkabili mpinzani; humgeuzia mgongo na kumtazama mtu wake mwenyewe. Nikajipenyeza katikati, nikasimama karibu na yule kijana kiasi cha kuisikia pumzi yake, nikamwuliza jina lake na kama amekuja na nani. Alihema, akasema amekuja na dada yake, nikamwambia dada yake anamtafuta mbele, akaondoka. Mambo yote hayakuzidi nusu dakika. Kama mkono wake ungeifikia ile bendera, nadhani magazeti ya kesho yake yangekuwa na picha hiyo moja tu, na wale 300,000 wasingeonekana.

Siku sita kabla ya hapo, tarehe 5 Novemba, makundi mawili yalikutana kwenye njia panda katika mji wa Thousand Oaks, California. Mzee wa Kiyahudi wa miaka 69 alianguka chali katika mvutano na mtu wa upande wa pili aliyekuwa na kipaza sauti, akapiga kichwa chini, na siku iliyofuata akafariki. Mtu huyo alishitakiwa kwa kosa la kuua bila kukusudia. Siamini kwamba yeyote kati yao alitoka nyumbani asubuhi ile akiwa na nia ya kuua.

Na ile video, Maalim, kwa ulivyoieleza inafanana na ya Amsterdam ya Novemba 2024. Mashabiki wa Maccabi Tel Aviv, timu ya soka ya Israeli, waliokwenda kuishangilia timu yao ikicheza na Ajax ya mji huo, waling'oa bendera ya Palestina na kushambulia teksi usiku wa kuamkia mechi. Usiku wa mechi yenyewe watu wa pikipiki wakawasaka Waisraeli mitaani, na watu watano wakalazwa hospitali. Yule anayepigwa mateke si lazima awe ndiye aliyeng'oa bendera. Alisakwa kwa sababu ni Myahudi, na mtoto wa chuoni kwako anapaswa kuelezwa hivyo waziwazi.

Kijana wa Makorora:

Shikamooni wakubwa wangu. Naomba kutofautiana kidogo, kwa heshima. Nikiyasoma majibu haya naona kana kwamba hatari yote imo katika mikono ya waandamanaji, ilhali mara nyingi wao ndio wanaopigwa. Huko Gaza kwenyewe watu waliandamana kuelekea uzio wa mpaka wa Israeli kuanzia tarehe 30 Machi 2018, na tarehe 14 Mei mwaka huo, siku Marekani ilipofungua ubalozi wake Yerusalemu, watu wapatao 60 waliuawa kwa risasi za wanajeshi wa Israeli ndani ya siku moja. Nako Los Angeles, usiku wa tarehe 30 Aprili 2024, wanafunzi waliopiga kambi ya kuwaunga mkono Wapalestina katika Chuo Kikuu cha California walivamiwa na watu wenye fimbo, fataki na dawa ya pilipili, na saa kadhaa zikapita kabla ya polisi kuingilia kati. Tarehe 2 Mei polisi hao hao walipokuja kwa nguvu, walikamata watu zaidi ya 200, wengi wao kutoka katika kambi iliyovamiwa.

Mwana wa Pongwe amesema ghasia huanzia pale ambapo hakuna aliyesimama katikati. Nakubali, lakini tuseme pia ni nani mwenye wajibu wa kusimama hapo. Kazi hiyo haiwezi kuachiwa vijana wa vizibao peke yao. Barua ya Maalim iwaombe polisi waje kuwalinda waandamanaji, na iseme hivyo kwa maneno yenyewe, ili wasije wakidhani wameitwa kuwatawanya.

Mama wa Chumbageni:

Bwana asifiwe, na amani kwenu nyote. Mimi ni mama wa dereva wa bajaji, na mwanangu naye amebandika bendera kama hiyo, ingawa sijui kama ndiye unayemsema, Maalim.

Kijana wa Makorora, mwanangu, sikupingi. Nami nawalilia wale watoto. Ila nanyi mjue kwamba tarehe 7 Oktoba 2023, siku ambayo Hamas waliua watu wapatao 1,200 nchini Israeli, miongoni mwa waliokufa kulikuwa na vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda huko kujifunza kilimo. Mpwa wangu alikuwa nchini humo mwaka uliotangulia kwa masomo ya namna hiyo hiyo, akarudi na kofia ya jua na mbegu za pilipili hoho alizozifunga kwenye kitambaa, na hadi leo pilipili hizo zinaota nyuma ya nyumba yangu. Taarifa za wale vijana zilipotangazwa, mama wa mpwa wangu aliishika ile kofia mapajani tangu taarifa ya habari hadi usiku wa manane bila kusema neno. Kwa hiyo anayeiona ile bendera kwenye kioo asidhani kwamba kila aliyeibandika anashangilia mabomu.

Nina kumbukumbu nyingine inayonisumbua. Oktoba 2012 nilikuwa Mbagala kwa dada yangu, wakati ubishi wa watoto wawili juu ya Kurani ulipoishia makanisa kuvunjwa na kuchomwa moto. Chanzo kilikuwa watoto, na hakukuwa na maandamano yaliyopangwa wala barua. Ndiyo maana naona afadhali matembezi yenye barua, njia inayojulikana na mtu mzima mbele, kuliko hasira inayokaa kwenye simu bila mlango wa kutokea. Nakuomba tu, Maalim, msipite kijiweni.

Mkazi wa Ngamiani:

Nawashukuru sana. Jana baada ya Alasiri niliwaita wale vijana, nikawasomea majibu yote kwa sauti, hata yale ya Mama wa Chumbageni, ambayo yaliwanyamazisha. Yule mwenye video alibisha kwa muda mrefu, akisema kwamba huko wanakufa maelfu na sisi tunajadili kioo cha bajaji. Nikamjibu kwamba dereva wa bajaji hajaua mtu Gaza. Hakunijibu, na sina hakika kwamba nimemshinda.

Njia tumeibadilisha. Sasa wataondoka msikitini na kukata kushoto kabla ya kijiwe, ambako ni mbali zaidi kwa dakika kumi na jua ni kali, lakini wamekubali. Mabango yote yatasomwa na mimi kwanza, na neno lolote linalowataja Wayahudi kama Wayahudi, au Wakristo, halitatoka nje. Wasimamizi watakuwa kumi na wawili. Vizibao tutaviazima kwa waendesha bodaboda, na dereva wa ile bajaji yenye bendera ya Palestina amejitolea kuwa mmoja wao. Barua nimeiandika kwa mkono, na ile sentensi ya Kijana wa Makorora kuhusu ulinzi nimeiweka katika aya ya kwanza. Nitaipeleka kesho asubuhi kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya, siku tano kabla.

Mwana wa Pongwe, kama uko Tanga wiki hii, naomba uje Jumatano baada ya Magharibi uwaonyeshe vijana namna ya kumgeuzia mpinzani mgongo.