Kuvua ziwani, jimboni Michigan: leseni, boti na watoto

Mama Nadia, Michigan:

Assalaam aleikum jamaa. Tumehamia huku mwezi wa pili na theluji ndiyo kwanza imetuachia. Wanangu wawili, mmoja ana miaka 5 na mwingine 11, asubuhi na jioni wimbo ni mmoja: twende tukavue. Baba yao ni mzaliwa wa Malindi na anasema hawezi kufunzwa na mtu mambo ya samaki. Mimi nataka kujua. Leseni inahitajika? Samaki wa ziwani huliwa? Na ukialikwa kwenye boti ya mtu, unapanda tu?

Baba Salma, kwa sasa Amu:

Waaleikum salaam dada. Nipo likizo nyumbani, nakuandikia nikiwa barazani Langoni, intaneti inakuja na kuondoka kama paka. Mwambie mumeo kwamba maneno yake nami niliyasema hivyo hivyo, kisha nikaenda Lake St. Clair, ziwa la huko kwenu karibu na Detroit.

Jamaa wa kazini alinialika, mwezi Mei. Alinipitia saa kumi na moja alfajiri, boti inakokotwa nyuma ya gari. Tulipoishusha akanipa jaketi la kuokolea, nami nikalisukumia chini ya kiti. Nimekulia Shela, kuogelea nimejua kabla ya kusoma. Hakubishana. Aliniambia nitie mkono majini nihesabu hadi thelathini. Nilipofika ishirini vidole havikuwa vyangu tena. Maji ya Mei kule bado yana baridi ya kukata pumzi, na aliyekatika pumzi haogelei hata akiwa bingwa. Nikalitoa jaketi chini ya kiti na kulifunga mpaka shingoni. Kwa sheria ya Michigan, kila aliyemo botini awe na jaketi lake, na mtoto aliye chini ya miaka 6 alivae muda wote boti ikitembea, kwa hiyo huyo mdogo wako halivui.

Ziwa lenyewe lina zaidi ya kilomita za mraba 1,100, lakini kina chake cha wastani ni mita 3 na kitu. Nilipoambiwa hivyo nilicheka. Nikawaza mkondo wetu huu wa Mkanda, ambapo maji yakikupwa boti hukaa mchangani na abiria wakateremka kusukuma. Ziwa halikupwi wala halijai, nikadhani basi hapa pana shida gani?

Shida ni upepo. Saa nne hivi ulianza kuvuma wa mashariki, na ndani ya nusu saa ziwa lilibadilika sura. Mawimbi ya kusi hapa Shela ni marefu, chombo kinapanda, kinapumua, kinashuka. Ya kule, kwa uchache wa kina, ni mafupi na yanasimama wima, moja halijakuacha jingine limeshakupiga kifuani. Nikatapika, dada. Mimi, mjukuu wa nahodha, nimeinamia ubavu wa boti ya plastiki na mwenyeji wangu ananishika ukosi. Usimwambie mtu wa Amu.

Sasa samaki. Wao humwita bass. Nikiandika kwa matamshi yetu atasomeka basi, kwa hiyo nitamwita besi. Wapo wa aina mbili: mdomo-mkubwa, anayependa majani na maji tulivu, na mdomo-mdogo, anayependa mawe na ndiye aliyelipa ziwa lile sifa. Ukimwona huyu wa pili utamfikiria tewa aliyekonda: rangi ya shaba, milia ya kusimama ubavuni, jicho jekundu. Chambo chetu kilikuwa kijibomba laini cha plastiki chenye nyuzinyuzi mkiani, ndani yake kipande cha risasi chenye ndoana. Unakishusha mpaka chini, unakivuta kidogo, unakiacha. Kinamwigiza gobi, kisamaki kigeni kilichofika kule mwaka 1990 ndani ya maji ya kusawazishia meli, sawa na wale kome wenye milia waliogunduliwa humo 1988. Kome wamechuja maji mpaka unaona mawe ya chini. Madhara wameleta mengi, ila besi ananenepa kwa gobi.

Kumvuta si kama kumvuta changu kwa mshipi wa mkono. Mshipi ulikaza, nikadhani nimenasa jiwe, kisha jiwe likaruka hewani na kutikisa kichwa. Unamshika kwa kumtia kidole gumba mdomoni, taya la chini, naye anatulia kabisa. Ana vijino kama msasa. Jioni gumba langu lilikuwa limechunika kama nimekwangua nazi kutwa.

Nikamtia ndooni, nikaanza kuhesabu nyanya na tui. Jamaa akageuka rangi. Kumbe katika ziwa lile, kabla ya Jumamosi ya tatu ya Juni, besi ni wa kuvua na kurudisha papo hapo, maana wengi wako kwenye mazalio, na dume ndiye anayelinda mayai. Ukimtoa, gobi wale wale wanavamia na kuyala. Kuanzia siku hiyo hadi mwisho wa Desemba unaweza kubeba, asiwe chini ya inchi 14, na wasizidi watano kwa siku. Nilimrudisha, nikamwangalia akizama taratibu, na mke wangu nilishamwambia asinunue nyama.

Wapo wanaoona kumtesa samaki kwa mchezo halafu ukamwacha si jambo la kufanya. Sikuandiki kutoa fatwa, ila mimi sasa nangoja Juni.

Leseni inahitajika kwa aliyetimiza miaka 17. Wanao hawana haja, wewe na baba yao mnayo. Inanunuliwa mtandaoni, na mwaka wake huanza Machi 1, si Januari. Jingine: mpaka wa Marekani na Kanada unapita katikati ya ziwa, na majini hakuna ukuta. Upande wa Kanada, jimbo la Ontario, unataka leseni ya Ontario. Muulize mwenye boti kabla hamjaondoka.

Kuhusu kula, besi ni mtamu, nyama nyeupe isiyo na shombo. Lakini mwaka 1970 uvuvi ulifungwa katika ziwa lile kwa ajili ya zebaki kutoka viwandani, na mpaka leo jimbo hutoa mwongozo wa milo mingapi ni salama kwa kila samaki na kila ziwa. Samaki mla samaki, na akiwa mkubwa, hubeba sumu zaidi. Kwa watoto tafuta wadogo. Na kwa kuanzia acha boti, nendeni Lake St. Clair Metropark mkavue ukingoni.

Ami wa Malindi:

Mwanangu Baba Salma, umenichekesha hapo kwenye nahodha. Kurudisha samaki si kugeni hata huku, mashua za wageni Malindi na Watamu humtia sulisuli alama na kumwachia miaka mingi sasa. Na besi wako hata Kenya yupo. Yule mdomo-mkubwa alitiwa Naivasha mwaka 1929 kutoka Marekani. Nilifanya kazi ya maua huko, tulimla kwa ugali. Kisamaki kidogo cha asili cha ziwa hilo alikimaliza, mara ya mwisho kilivuliwa 1962. Kwa hiyo huko kwao wanamlinda dhidi ya gobi, na huku kwetu gobi alikuwa yeye.

Mama Nadia:

Ahsanteni sana, ami na kaka. Mume wangu amesoma yote, akanyamaza, akaenda kuchukua kadi ya benki. Leseni mbili tumezipata. Sasa anauliza hicho kijibomba cha plastiki anunue cha rangi gani.

Baba Salma:

Kijani cha mwani, dada. Pakiti moja tu, akiachiwa dukani atarudi na arobaini.