RTX 4070 kwenye joto la Dar: feni mbili, feni tatu au bloa?

mtu_wa_temeke: Wakuu habari za saa hizi. Naunga PC ya gemu, prosesa na madabodi nishapata, imebaki kadi ya picha (GPU) tu. Nimezunguka Kariakoo nakuta RTX 4070 za aina tatu, ya feni mbili fupi, ya feni tatu ndefu kama ubao wa kukatia nyama, na nyingine imezibwa mwili mzima ina kifeni kimoja pembeni, muuzaji anasema hiyo ndo ya watu wa joto maana inatoa moto nje. Chumba hakina AC na Januari ya hapa mnaijua. Kesi yangu mbele ni kioo kitupu. Nichukue ipi?

fundi_bubu: Mkuu muuzaji hajakudanganya ila kakupa nusu ya habari. Hiyo iliyozibwa, ndo inaitwa bloa, kweli inasukuma hewa ya moto itokee matundu ya nyuma, lakini imelengwa kwa watu wanaopanga kadi kadhaa zimebanana kwenye mashine moja. Ukiwa na kadi moja unabaki na kelele tu, kile kifeni kidogo lazima kikimbie sana. Nvidia wenyewe, wenye hizi chipu za RTX, kadi yao ya GTX 1080 ya 2016 ilikuwa bloa, 2018 kwenye RTX 2080 wakahamia feni mbili. Na 4070 inakula wati 200, feni mbili nzuri zinaitosha kabisa.

mama_frempesi: Naongezea hapo, tatizo lako kubwa ni hicho kioo. Kadi za feni mbili au tatu zinamwaga moto humohumo ndani, sasa kama mbele hakuna pa kuingilia hewa baridi kadi inavuta moto wake yenyewe. Halafu msidanganyike na rivyu za Ulaya, wanapima chumba kina nyuzi 21, kadi inasoma 65, wewe chumba kikiwa 32 tegemea 76 hivi, hakuna feni ya kushusha chini ya joto la chumba.

mtu_wa_temeke: Asante dada. Dukani kuna moja feni zilikuwa hazizunguki kabisa, mbovu ile au?

mama_frempesi: Hapana, nyingi feni zinalala kadi ikiwa haina kazi, fungua gemu utaona zinaamka.

kijana_wa_nyali: Mie niko Mombasa, huku kuna vumbi na chumvi pia, kwa hivyo angalia na usafi. Feni za wazi unasafisha kwa brashi ukizishika na kidole zisizunguke, bloa mpaka ufungue skrubu maana uchafu unajazana ndani kwenye mapezi, vile vibati vya kupozea. Ukishafunga, ingia Afterburner, programu ya kurekebisha kadi, ushushe pawa limiti (kikomo cha umeme) hadi 80%, fremu (picha kwa sekunde) zinapungua kidogo sana na joto litashuka, kelele nazo. Na pima kesi kabla hujalipa, feni tatu nyingi zinapita milimita 300.

mtu_wa_temeke: Duh nimetoka kupima, nina 295, na nikifunga feni za mbele zenye unene wa 25 inabaki 270, basi ya feni tatu imejitoa yenyewe. Naenda na feni mbili. Ila kesi hii naona nayo iondoke tu, kuna mwenye kesi iliyotumika yenye wavu mbele, Dar hapahapa?

fundi_bubu: Ninayo, ina feni mbili mbele na chujio la vumbi. Njoo PM.