Mjadala: Nani aligeuza Müller kuwa Miller kule Marekani?

Wadau, kila ukigusa majina ya Wamarekani wenye asili ya Ujerumani, hadithi ni ileile: babu kashuka melini Ellis Island, kisiwa cha kupokelea wahamiaji New York, kasema anaitwa Müller, karani asiyejua Kijerumani kaandika Miller, basi, ukoo ukabaki hivyo. Mimi napinga, na naomba tujadiliane kwa ushahidi.

Ellis Island ilifunguliwa Januari 1892. Wajerumani walishaanza kuingia kwa wingi karne ya 18 kupitia Philadelphia, na kilele cha karne ya 19 kilikuwa 1882, walipoingia takribani 250,000 kwa mwaka mmoja. Halafu maofisa wa kisiwani hawakuwa wakiandikisha majina upya. Walikagua orodha iliyokuja na meli, na orodha hiyo ilijazwa bandari ya kuondokea, Hamburg au Bremen, na makarani wa kampuni ya meli, Wajerumani wenzao. Wakalimani nao walikuwepo. Fiorello La Guardia, aliyekuja kuwa meya wa New York, alifanya kazi hiyo hapo kuanzia 1907 hadi 1910.

Sasa turudi kwenye jina lenyewe, maana hapo ndipo wengi wanaparuka. Müller ni msagaji, mwenye kinu cha maji, na ndilo jina la ukoo lililoenea kuliko yote Ujerumani. Zama za Kati, kabaila aliwalazimisha wakulima wa eneo lake wasage kwenye kinu chake tu. Kwa hiyo kila eneo lilikuwa na msagaji wake, anayejulikana na wote. Alijilipa kwa kubakiza sehemu ya nafaka ya mteja, ndiyo maana alishukiwa wizi, na kuna sehemu watoto wake walikataliwa na vyama vya mafundi. Kwa mtu kama huyo, kazi ilitosha kuwa utambulisho. Kaskazini jina likawa Möller, na wasomi waliopenda Kilatini wakajiita Molitor au Mylius. Yaani hata kabla ya kuvuka bahari, jina hili halikuwa na umbo moja.

Wahamiaji wengi wa Pennsylvania, jimbo lenye Philadelphia, walitoka Pfalz, kusini-magharibi mwa Ujerumani, na kwa lahaja ya huko ü hutamkwa i. Nyumbani kwao walishasema Miller! Oskar von Miller, mhandisi aliyeanzisha jumba la makumbusho la Deutsches Museum mwaka 1903, alizaliwa Munich na akaishi Ujerumani kwa jina hilohilo. Karani gani wa Kimarekani alimbadilishia?

Nakubali kwamba Philadelphia makarani waliandika majina kwa kadiri walivyosikia. Kuanzia 1727 wanaume wa Kijerumani waliofika hapo waliapishwa utii kwa mfalme wa Uingereza, na orodha zipo. Kwenye orodha ya nahodha jina limeandikwa kwa masikio ya Kiingereza. Kwenye orodha ya kiapo, mtu yuleyule ametia saini mwenyewe kwa mwandiko wa Kijerumani. Asiyejua kusoma aliweka alama tu, karani akamwandikia. Lakini karatasi ile haikumfunga mtu. Akishafika shambani kwake alijiita alivyotaka, na jina lake likaendelea kubadilika kanisani, dukani na kwa majirani.

Kinachoniuma ni kwamba hadithi ya karani inafunika mwaka 1918. Marekani iliingia Vita Kuu ya Kwanza dhidi ya Ujerumani Aprili 1917. Mwaka uliofuata Robert Prager, mhamiaji Mjerumani, alinyongwa na kundi la watu Collinsville, Illinois, na gavana wa Iowa akapiga marufuku lugha za kigeni hadharani, hata kwenye simu. Wakati huo ndipo akina Schmidt walijigeuza Smith, na familia zilizokuwa bado zimeshikilia Müller zikaliacha. Walifanya hivyo wenyewe, kwa hofu, na wajukuu wanastahili kuambiwa hivyo badala ya kupewa kisa cha karani mzembe.

Anayeshikilia Ellis Island alete ukurasa mmoja tu wa orodha ya meli ambapo ofisa amefuta Müller na kuandika Miller wakati wa kuingia. Orodha za Hamburg zipo tangu 1850, kwa hiyo kulinganisha inawezekana. Na kama kuna mwenye barua au cheti cha kanisa cha ukoo uliobadilisha jina kabla ya 1917, akiweke hapa tukisome.