Tupeane uzoefu: rimu kubwa kwenye Datsun 240Z na wenzake

Mdau_Kirumba: Kuna 240Z nyeupe hapa Mwanza wameivika rimu za inchi 16, sasa kila tuta la Nyakato inakwangua. Wakuu, saizi gani inaingia bila kukata bodi?

Fundi_Igogo: PCD, yaani mpangilio wa matundu ya rimu, ni 4x114.3: matundu manne kwenye duara la milimita 114.3. Rimu 15x7 (inchi 15, upana inchi 7) ofseti sifuri, yaani uso wa kufungia uko katikati ya upana wa rimu, na tairi 205/60 (upana milimita 205, ukuta asilimia 60 ya upana) inakaa vizuri na springi za kiwandani. Kimo cha tairi hiyo ni milimita 627, na ile ya rimu ya inchi 14, 195/70R14, ni 629, kwa hiyo spidomita haidanganyi. 16x8 yenye 225/50 ni habari nyingine: kwa ndani, tairi inagusa kikombe cha springi kwenye shokapu. Hapo utabadilisha uweke springi za kipenyo kidogo, hakuna njia ya mkato.

Nyegezi_Z: Naunga mkono. 15 inatosha.

Turbo_Igoma: Spesa, ile sahani ya kusogeza rimu nje, ya milimita 20 inamaliza yote hayo.

Mzee_wa_Spana: Turbo, utaua watu. Kuna gari lilifungwa spesa ya kuchomeka ya milimita 15, stadi (boliti za kitovu zinazoshika rimu) zilezile, halafu nati za Toyota. Stadi za Nissan, na Datsun ni Nissan, ni 12x1.25 (unene milimita 12, nyuzi zimeachana 1.25), za Toyota 12x1.5. Nati inaingia mizunguko miwili inagoma, fundi anadhani kutu, anamalizia na bomba kwenye spana. Nyuzi kwisha. Njia ya Kisesa gurudumu la nyuma kushoto likampita dereva, gari likabaki linachora lami kwa drami ya breki.
Nati izungushe kwa mkono: kama haifiki mizunguko 9 au 10, stadi ni fupi. Kaza nati zinazotazamana, kwa msalaba, nguvu ya Nm 80 hadi 90, ukitembea kilomita 100 rudia.

Nyegezi_Z: Gurudumu likaishia wapi?

Mzee_wa_Spana: Kwenye mihogo ya watu. Alilipa.

Turbo_Igoma: Mimi nilimaanisha spesa za kufunga kwa boliti, zenye stadi zake zenyewe.

Fundi_Igogo: Hukusema hivyo, panda juu usome. Na hizo nazo, stadi za gari zikichomoza kuliko unene wa spesa, rimu haikai bapa.

Mama_Gereji: Mnagombana bure. Rimu ikiongezeka upana inchi 1, ofseti ileile, kila upande unakula milimita 12.7. Bandika udongo wa mfinyanzi ndani ya fenda, jaza tangi, watu wawili wakae, kata usukani hadi mwisho, pita tuta taratibu. Udongo utakuonyesha panapogusa.

Turbo_Igoma: Au kunja ukingo wa fenda kwa mpini wa jembe 😂

Mama_Gereji: Pasha rangi moto kwanza, la sivyo inapasuka. Fenda yenye puti usiiguse kabisa.

Mdau_Kirumba: Na 17 je?

Mzee_wa_Spana: 240Z ilishinda mbio za magari za Safari Rally za 1971 na 1973 kwa tairi zenye ukuta mnene. Wewe weka 17, mashimo ya Igoma yatakukunjia rimu.

Turbo_Igoma: Wa kunyoosha rimu yupo Mabatini. Weka tu.