Mrejesho: raha ya kona za Newala

Ndugu zangu, niliwauliza namna ya kupanda na kushuka Uwanda wa Makonde, ule uwanda wa juu mkoani Mtwara, kusini mwa Tanzania, kati ya Masasi na Newala, kwa mwendo uliochangamka bila kuunguza breki za gari langu dogo la gia za mkono. Nimeshafanya safari hiyo.

Ushauri ulionifaa kuliko wote ni ule wa kupunguza mwendo kabla ya kona wakati gari lingali limenyooka, kuingiza gia ya chini mapema, kisha kukanyaga mafuta taratibu pale tu ninapoona mwisho wa kona. Ukifunga breki katikati ya kona, uzito hukimbilia mbele, matairi ya nyuma hupungukiwa mshiko, na gari huanza kuyumba. Kwenye mteremko niliiachia injini izuie gari kwa gia ya pili, nikagusa breki kwa vipindi ili zipate kupoa. Harufu ya kuungua sikuisikia kabisa.

Nakiri kwamba raha yenyewe haimo katika kasi, kwani mwendo wangu ulikuwa wa kawaida mno (abiria wangu alisinzia), bali katika kuziunganisha kona bila mtikisiko. Sehemu zenye mchanga na vumbi sikuzichezea, wala kona zisizoonekana mbele, maana pikipiki zilizobeba magunia hupita humo. Newala nilisimama kutazama bonde la Mto Ruvuma na Msumbiji ng'ambo, huku matairi yakipoa.