Naomba ushauri: tajiri anataka kuchimba kisima kijijini Sikonge, tuanzie wapi?

Wakuu, habari za leo. Kuna mfanyabiashara mzaliwa wa Sikonge, Tabora, anataka kurudisha fadhila kijijini kwa kisima kirefu. Fedha ipo. Wasiwasi ni kisima kufa mapema, maana wafadhili wengi hupenda uzinduzi kuliko vipuri.

Miamba ya huku ni ya itale (granite). Maji hukaa zaidi kwenye nyufa. Ukichimba bila mtaalamu kupima kwanza, unaweza kulipia shimo kavu. Mpango ni huu: muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji unaotoa eneo, kwa maandishi (mrithi wa shamba asije kuweka kufuli), RUWASA (wakala wa maji vijijini) wilaya wahusishwe, kibali cha bodi ya bonde la Ziwa Tanganyika, ndipo mtambo uje. Baada ya kuchimba, kisima kijaribiwe kwa kuvuta maji saa kadhaa na maji yapelekwe maabara. Floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita.

Sera ya maji ya mwaka 2002 ilihesabu watu 250 kwa kituo kimoja, ndani ya mita 400. Pampu ya mkono aina ya Afridev inavuta vizuri hadi kama mita 45, na mipira yake hubadilishwa na fundi wa kijijini. Pampu ya sola inajaza tenki, ila paneli huibwa.

Naomba ushauri kwa mawili: mkono au sola? Na hela ya matengenezo, mfadhili aiweke mapema kwenye akaunti ya chombo cha watumia maji, au wanakijiji wachangie kwa ndoo tangu siku ya kwanza?