Sindano ya mguuni inatulizaje kiuno?

Fundi cherehani, Buguruni
Wadau, naomba kueleweshwa. Miaka 16 nimeinamia cherehani, kiuno kimechakaa. Mwezi uliopita nimechomwa sindano za Kichina mara nne. Nyembamba kama unywele, hazina dawa, na moja waliichoma chini ya goti! Ikizungushwa nasikia uzito na ganzi vinashuka hadi unyayoni. Sasa usiku nalala. Mume wangu anasema ni imani tu. Imekuwaje?

Mtu wa fiziotherapia, Morogoro
Pole dada. Hapo chini ya goti Wachina wanapaita Zusanli, na ule uzito wanauita deqi. Ni mishipa ya fahamu ndani ya msuli inaamshwa. Habari inapanda uti wa mgongo hadi kwenye ubongo, nao unamwaga endofini, kemikali kama mofini (dawa kali ya maumivu) ambayo mwili unajitengenezea. Mwaka 1977 watafiti Marekani waliwachoma watu sindano hadi maumivu ya jino yakatulia, kisha wakawapa naloksoni, dawa inayozuia mofini. Maumivu yakarudi.

Na kule kuzungushwa si mbwembwe. Mwaka 2010, Chuo Kikuu cha Rochester, panya walichomwa hapohapo Zusanli, sindano ikizungushwa kila dakika 5 kwa nusu saa. Adenosini, kemikali inayopoza mishipa ya maumivu, iliongezeka mara 24 hivi kuzunguka sindano. Panya wasio na kipokezi chake, yaani sehemu ya seli inayoipokea adenosini, hawakupata nafuu. Ila hiyo inafanya kazi jirani na sindano. Kwa kiuno chako mimi naegemea endofini.

Mkazi wa Tanga
Shemeji naye asikilizwe. Ujerumani, 2007, walipima wagonjwa wa mgongo zaidi ya 1,000. Sindano za kweli zilisaidia watu 47 hivi kwa kila 100. Za kuigiza, zilizochomwa juujuu na si kwenye sehemu zake, 44. Tiba ya kawaida 27.

Mtu wa fiziotherapia, Morogoro
Kweli kabisa, na ndiyo maana neno "tu" silipendi. Matumaini nayo yanamwaga endofini hizohizo. Nafuu ya dada iko mwilini, haikubuniwa. Dada, hakikisha paketi ya sindano inafunguliwa mbele yako. Ukianza kufa ganzi katikati ya mapaja au mkojo kukutoka, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Fundi cherehani, Buguruni
Asanteni sana. Paketi sikuiangalia. Alhamisi naanza na hiyo, na mume wangu nitamsomea haya leo.